Muulize Bi Usukani: Bahari iwe upande gani?

Barua za mwezi huu karibu zote zinanukia chumvi. Kila mtu anataka kuendesha kandokando ya bahari. Nimewagawia nafasi kwa ukubwa wa shida zao, kwa hiyo aliyejibiwa kwa mistari michache asinune. Maana yake mambo yake si mabaya.

Shikamoo Bi Usukani. Mwezi wa saba mimi na mume wangu tutakuwa California. Tumepanga kuendesha Barabara Namba 1 kutoka Los Angeles hadi San Francisco. Ramani ya simu inasema ni saa kumi hivi, basi tumetenga siku moja na nusu. Kuna tulichosahau? – Wanandoa Wapya

Marahaba, wanangu. Mmesahau mambo matatu, na la kwanza ni bahari yenyewe.

Marekani wanaendesha kulia. Ukitoka Los Angeles kwenda kaskazini, bahari inakuwa kushoto kwako, ng'ambo ya njia ya magari yanayokuja. Abiria anakaa kulia, anatazamana na mlima. Najua kwa sababu niliwahi kuipita hivyohivyo, kichwa chini miguu juu. Mume wangu alishika kamera tangu asubuhi, na jioni tulipokaa kuzitazama picha tukakuta kumi na saba za ukuta wa mwamba na moja ya lori la taka. Kila tulipotaka kusimama penye mandhari ilinibidi nikate njia ya wanaokuja, mara nyingi karibu na kona, huku moyo uko mdomoni. Pengine mahali pazuri palipita nikashindwa kuvuka, na yeye akanyamaza kimya kile ambacho wenye ndoa ya miaka mingi wanakifahamu. Nyinyi bado.

Geuzeni safari. Anzeni San Francisco mshuke kusini. Hapo bahari inakuwa kulia, na vituo vya kusimama kutazama viko upande wenu: unaingia, unatoka, humkatizi mtu. Kanuni ni moja duniani kote. Penye kuendesha kulia, bahari iwe kulia. Penye kuendesha kushoto, iwe kushoto. Great Ocean Road ya Australia anzia Torquay uelekee magharibi. Pwani ya magharibi ya Ireland ipande kutoka kusini kwenda kaskazini. Chapman's Peak, kule karibu na Cape Town, toka Noordhoek kwenda Hout Bay. Ni kilomita tisa tu lakini zina kona 114, kwa hiyo ukikosea upande utajuta mara 114. Anayeruhusiwa kuivunja kanuni hii ni dereva anayeogopa kimo. Huyo apite upande wa mlima, na asione haya. Dereva aliyekakamaa mikono haoni mandhari yoyote.

La pili ni saa. Ramani ya simu hukuhesabia kama mtu asiye na macho, asiye na kibofu, na asiye na mke anayesema "simama hapo kidogo". Sehemu ya Big Sur, kati ya Carmel na San Simeon, ni kama kilomita 150. Kwenye barabara kuu hiyo ni safari ya kabla ya chai. Pale mimi naihesabu siku nzima. Hesabu yangu nimeitumia miaka yote ya kuendesha basi dogo la watalii na haijanitupa: gawanya kilomita kwa 40 upate saa, kisha ongeza dakika 20 kwa kila kituo. Vituo visizidi sita kwa siku, maana baada ya cha sita watu hawashuki tena, wanapiga picha kupitia kioo. Safari yenu yote, ambayo ni zaidi ya kilomita 700, ipeni siku tatu. Kama hamna tatu, endesheni Big Sur peke yake na sehemu nyingine mpite barabara ya bara. Na kila siku mfike mnakolala kabla jua halijazama. Kuendesha barabara ya mandhari usiku ni kutazama mstari mweupe kwa saa nne.

La tatu ni huo mwezi wa saba. Watu wengi hudhani kiangazi ndiyo wakati wa bahari. Pwani ile ina desturi yake: upepo husukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi kavu, maji baridi ya chini yanapanda kushika nafasi yake, na hewa yenye unyevu ikipita juu ya ubaridi huo inageuka ukungu. Mwezi wa sita hadi wa nane unaweza kuamka asubuhi usione hata ua wa nyumba uliyolala. Daraja la Bixby, lililokamilika mwaka 1932, lina kimo cha kama mita 79 juu ya bonde lake. Siku ya ukungu utaona mwanzo wa daraja, mengine utaambiwa. Mwezi wa tisa na wa kumi ni bora zaidi. Kama tiketi zimeshakatwa, pangeni Big Sur iangukie kuanzia adhuhuri, kwa kuwa mara nyingi ukungu hupungua jua likipanda. Asubuhi tumieni kulala. Mmeoana juzi, sidhani kama hilo litawashinda.

Jazeni tanki kabla ya kuingia Big Sur, kwa kuwa ndani humo vituo vya mafuta ni vichache na bei yake inauma. Ramani ipakueni kwenye simu mapema, maana mtandao unakatika kwa masafa marefu.

Bi Usukani, tulilipia nyumba ya wageni kwenye barabara ya majabali, tukafika tukakuta barabara imefungwa kwa maporomoko. Mwenye nyumba amekataa kurudisha pesa, anasema nyumba yake haikuporomoka. Nimlaumu nani? – Mwenye Hasira

Pole sana. Nami niliwahi kuambiwa karibu maneno hayohayo, na mtu mwenye tabasamu zuri kabisa.

Barabara iliyochongwa ubavuni mwa jabali huishi kwa kufungwa na kufunguliwa. Fikiria mtu aliyeegemea ukuta, kisha wewe unampunguza miguu ili upate mahali pa kupita. Ndivyo barabara inavyoufanya mlima. Mvua inaongeza uzito na kulainisha udongo, bahari inatafuna kutoka chini. Mwezi wa tano mwaka 2017 mlima uliporomoka mahali paitwapo Mud Creek, huko huko Big Sur, ukaizika barabara kwa urefu wa kama mita 400. Ilifunguliwa tena mwezi wa saba mwaka 2018, baada ya kujengwa upya juu ya kifusi. Chapman's Peak nayo ilifungwa mwaka 2000 baada ya mawe kuanguka na kuua, haikufunguliwa hadi mwishoni mwa 2003, na hadi leo hufungwa siku za hali mbaya ya hewa.

Kwa hiyo mara nyingine usilipie katikati ya barabara. Lala mwanzoni, au lala mwishoni, mahali panapofikika kwa njia nyingine. Katikati ukipataka sana, chagua nyumba inayokubali kughairi, hata kama ni ghali kidogo. Tazama taarifa za mamlaka ya barabara jana yake jioni na tena asubuhi kabla hujawasha gari. Na ijue njia ya bara kabla hujaihitaji. Ni vibaya kuitafuta mbele ya kizuizi, watoto wanalia nyuma na askari anakupungia mkono ugeuze.

Shikamoo. Binti yangu wa miaka minane hutapika kila penye kona. Tufute safari? – Baba Mtu

Msifute. Sikio lake la ndani linahisi kona, macho yake yako kwenye simu hayahisi kitu, na ubongo ukipewa habari mbili zinazopingana unalichukia tumbo. Simu iwekwe kando. Akae mahali anapoona barabara mbele, kiti cha nyuma katikati ikiwezekana, na atazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Ale kidogo, asiwe na njaa wala asishibe. Dirisha lifunguliwe.

Ila nitakuudhi kidogo: mara nyingi anayetapisha ni dereva. Nilipokuwa najifunza kuendesha basi, mwalimu wangu alilaza chupa tupu sakafuni. Ukipunguza mwendo kabla ya kona na kuongeza polepole ukitoka, chupa inajisogeza tu. Ukiingia na kasi kisha ukashika breki ndani ya kona, inabiringika mpaka inagonga ubavu, na mwalimu anaguna. Niliisikia ile chupa ndotoni. Ijaribu siku moja ukiwa na mtu mzima pembeni wa kuichunga, asiiache ikaribie miguu yako wala breki. Kisha uniandikie nani mwenye kosa.

Bi Usukani, nitakuwa magharibi ya Ufaransa na baba yangu, aliyekuwa mvuvi. Anataka tupite ile barabara inayozama baharini, Passage du Gois. Mimi naogopa. – Kijana wa Mvuvi

Mpeleke, na yeye ndiye awe nahodha. Barabara ile ni ya kilomita nne na ushee, inaunganisha bara na kisiwa cha Noirmoutier, na mara mbili kila siku maji yakijaa inafunikwa. Kuvuka huruhusiwa kuanzia kama saa moja na nusu kabla maji hayajapwa kabisa hadi saa moja na nusu baadaye. Saa za siku hiyo zimeandikwa kwenye vibao mwanzoni mwa njia. Soma kibao cha siku hiyohiyo, maana kupwa na kujaa husogea kwa karibu dakika 50 kila siku. Saa uliyopewa na rafiki aliyepita wiki iliyopita haikufai. Na baba atakueleza vizuri kuliko mimi kwamba siku za bamvu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hukimbia mbali na kurudi kwa nguvu, ilhali siku za maji mafu tofauti ni ndogo.

Niliwahi kufika kwenye njia ya namna hii, nchi nyingine, nimechelewa robo saa. Nikakaa ndani ya gari natazama. Nilidhani maji yatakuja kutoka mbele kama wimbi. Wapi! Yalianza kutokea pembeni, kwenye vijito vidogo vya matope, yakang'aa kidogo katikati ya barabara kule ilikoinama, ilhali pale nilipokuwa mimi bado ni pakavu kabisa. Mtu asiyejua angeondoka kwa ujasiri, maana mbele ya tairi zake hapakuwa na tone. Baada ya nusu saa nilikuwa naona vigingi tu.

Hata Gois kuna minara ya kupandia waliokwama. Gari likizama huko, usitegemee bima ya gari la kukodi. Soma masharti kabla. Mkichelewa, kuna daraja tangu 1971. Halina raha, lakini halizami.

Dada Usukani, Uskoti barabara za pwani ya kaskazini ni za gari moja. Waliokuwa nyuma yangu walipiga honi kutwa. Nilikosea nini? – Mpole

Ulikuwa mpole kwa waliokuja mbele, ukawasahau wa nyuma. Zile nafasi za kupishana si za kumpisha anayekuja tu, ni za kuwaachia njia wanaokufuata pia. Nafasi ikiwa kushoto kwako, ingia. Ikiwa kulia, simama mkabala nayo, mwenzako aizunguke. Inua mkono kushukuru. Usiegeshe humo kupiga picha hata ukiona nini.

Mwanangu Usukani, nina miaka 74. Nataka kuiona Barabara ya Atlantiki ya Norway wakati wa dhoruba, mawimbi yakipanda juu. Wanangu wanasema nimechanganyikiwa. – Babu

Shikamoo, baba. Hujachanganyikiwa, ila jua unachokifuata. Barabara ile ilifunguliwa mwaka 1989, ina urefu wa kilomita 8.3 na madaraja manane yanayoruka kutoka kisiwa hadi kisiwa. Hata walioijenga walipigwa na tufani kumi na mbili kabla ya kumaliza. Mtu husafiri nchi nzima kuifuata, na kwa gari anaimaliza kwa dakika kumi. Usiende na kurudi siku moja. Lala jirani usiku mbili, uipite mara tatu nne, maana kila saa ina bahari yake.

Dhoruba ikiwa kali, itazame ukiwa umesimama kwenye maegesho, si darajani. Shika mlango kwa mikono miwili unapoufungua. Upepo ukiunyakua utaukunja. Usimtume mjukuu karibu na mwamba uliolowa: pakiwa pamelowa, wimbi limeshafika pale.

Na kioo cha mbele. Rasharasha ya bahari ikikauka inaacha utando mweupe, na ukiwasha waipa bila maji utaupaka chumvi kioo kizima usione mbele kabisa. Jaza maji ya kuoshea kioo hadi juu, na beba chupa mbili za maji yasiyo na chumvi kwa ajili ya kioo tu. Za kunywa ziweke mbali nazo. Mimi niliziweka pamoja, na tulipofika tulikuwa na kioo kisafi na kiu.