Barua kwa binti yangu: mlijengaje?

Mama,

Juzi kwenye simu uliniuliza sisi tulijengaje tukiwa na umri wako, wakati wewe na digrii yako kodi ya chumba tu Nyegezi, hapa Mwanza, inakutoa jasho. Sikujibu kwa kuwa baba yako mdogo alikuwa amekaa pembeni, naye jibu lake tunalijua: vijana mnapenda simu. Mwache aseme.

Mimi niliajiriwa kiwandani kwa cheti cha kidato cha nne, na wala si kwamba nilikuwa na akili sana. Miaka ile waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wachache mno, kwa hiyo cheti kilikuwa na bei. Kuanzia kati ya miaka ya 2000 shule za kata zimejengwa kila mahali, vyuo navyo vikaongezeka. Ni jambo jema, ila ajira hazikukimbia mwendo huo. Halafu wewe umeanza kazi na deni la chuo: Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi hata hujaushika. Mimi nilianza sidaiwi na mtu.

Kiwanja, sasa. Buhongwa ilikuwa mashamba ya mihogo. Tuliandikishiana na mwenye shamba kwenye karatasi ya daftari, mjumbe wa nyumba kumi akiwa shahidi, kwa mshahara wa miezi michache. Leo mji umefika, na kipande kama kile ningekupigia hesabu ungelia.

Usidhani tulikula raha. Mwanzoni mwa miaka ya 80 pesa ilikuwepo mfukoni na dukani hakuna kitu. Bibi yako alifulia majani ya mpapai. Miaka ya 90 kiwanda kikatupunguza wengi. Mshahara ulinunua kiwanja, lakini nyumba ni ya mapanki. Viwanda vya samaki vilipeleka minofu ya sangara Ulaya, mama yako akanunua vichwa na mifupa iliyobaki, ndiyo mapanki, akakaanga na kuuza Mabatini. (Ukimsikia baba yako mdogo anasifia kizazi chetu, muulize yeye alikaanga vingapi.) Na sangara wenyewe siku hizi si wa kutegemea kama zamani.

Kwa hiyo hilo la kodi tumelizungumza na mama yako. Nyuma ya nyumba panatosha vyumba viwili na choo. Hutatulipa. Njoo Jumamosi tupime na fundi. Saruji na bati ni juu yako. Mawe ya msingi yapo hapohapo uani, Mwanza hii nani ananunua mawe.

Baba yako