Swichi Ikiishiwa Memori, Usikimbilie Kuizima

Wiki hii kijana mmoja fundi wa mtandao kaniandikia: "Shikamoo kaka. Swichi ya ghorofa ya pili haiingiliki. SSH inanijibu 'Low on memory; try again later'. Wateja wanapata intaneti kama kawaida. Bosi anasema niizime, niiwashe. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiizime kwanza. (Kwa msomaji mgeni: swichi ni kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao, na SSH ni njia ya kuingia ndani yake ukiwa mbali.)

Ujumbe huo naufahamu. Hoteli moja ya Arusha iliniita kwa sababu swichi za upande wa vyumba, Catalyst 2960 za Cisco za siku nyingi, zilikuwa zikigoma mara kwa mara. Mtu wa zamu akichomoa umeme na kuchomeka, mambo shwari. Siku kadhaa baadaye, yaleyale. Muuzaji wa vifaa alikuwa ameshawaletea bei ya kubadilisha zote. "Zimezeeka hizi," aliwaambia, na karatasi zilikuwa zinasubiri saini tu.

Mimi nikaomba kebo ya konsoli, ile ya kuchomeka kompyuta moja kwa moja kwenye swichi, na kiti.

Kwenye logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya swichi, kulijaa %SYS-2-MALLOCFAIL: swichi imeomba memori ikakosa. Wengi wakiuona mstari huo wanaishia neno la kwanza. Usome mpaka mwisho. Unakutajia Pool, yaani fungu la memori lililoishiwa, kama ni Processor (la kazi za swichi yenyewe) au I/O (la pakiti), halafu unakutajia Cause, yaani sababu: "Not enough free memory" (memori haitoshi) au "Memory fragmentation" (memori imekatika vipande). Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Memori iliyokatika vipandevipande ni kama daladala lenye viti vitupu hapa na pale: nafasi ipo, ila familia inayotaka benchi zima la nyuma haipati. Utaiona kwa amri ya show memory statistics, Free (jumla ya nafasi iliyo wazi) kubwa halafu Largest (kipande kimoja kikubwa kuliko vyote) kiduchu.

Pale Arusha, Free yenyewe ilikuwa ndogo tangu swichi inapowaka. Hapo nikaacha kuwaza habari ya memori kuvuja, yaani mchakato kuchukua memori bila kuirudisha, maana inayovuja hupungua taratibu. Ukitunza show processes memory sorted ya leo ukailinganisha na ya kesho, unaona mchakato mmoja unanenepa kwenye safu ya Holding, yaani memori uliyoishikilia. Hapa hakuna aliyenenepa. Kuna kitu kilikuwa kimekalia nafasi mapema. Nikapitia mipangilio mstari kwa mstari mpaka nikakutana nacho: logging buffered 8000000.

Baiti milioni 8 za kutunzia logi, ndani ya mashine yenye DRAM (memori ya kufanyia kazi) ya MB 64, ambayo programu yake yenyewe inakula sehemu kubwa! Kiwango cha kawaida ni baiti 4096. Amri inapokea namba hadi 2147483647, na wala haikuulizi utaitoa wapi. Mtu alitaka historia ndefu ya matukio, akabandika mstari huohuo kwenye kila swichi. Nikaandika 16384, logi nikazielekeza kwenye seva ya nje kwa amri ya logging host, nikahifadhi. Largest ikapanda palepale, mhasibu akiwa amesimama nyuma yangu, haelewi kitu ila anatabasamu.

Sasa sikia malipo. Meneja kaniuliza, "Umeandika mistari miwili tu, na bei ni ileile?" Nikalipwa nusu. Yule muuzaji nasikia bado anakaribishwa chai pale. Sijalisahau hilo, na sitegemei kulisahau.

Lakini jamani, na sisi tumezidi. Tumekuwa mafundi wa kuchomoa na kuchomeka. Logi ya ndani inakaa kwenye memori hiyohiyo. Ukizima, ushahidi umeufuta kwa mkono wako. Na kwa nini uwe na haraka? Pakiti zinapitishwa na chipu za swichi bila kungoja CPU, ndiyo maana wateja wako hawalalamiki. Soma kwanza! Soma, nakili, ndipo uguse.

Jambo jingine dogo: kama hutumii Smart Install, huduma ya Cisco ya kusanidi swichi mpya zenyewe, izime kwa kuandika no vstack. Mwaka 2016 Cisco ilitangaza kasoro, CVE-2016-6385, iliyomwezesha mtu wa mbali kuvujisha memori kupitia huduma hiyo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chukua kebo ya konsoli. Ikikukatalia nayo, ngoja kidogo ujaribu tena, memori huwa inapanda na kushuka. Ukiingia, ninakilie mistari yote ya MALLOCFAIL, show memory statistics, na mstari wa logging buffered kama upo. Ukishanitumia, bosi akitaka izimwe, izime.