Chopa ikitua shambani: maneno kwa fundi mgeni wa Wilson

Hongera kwanza kwa kupata nafasi, najua vile watu wanatoka Embakasi na vyeti safi kabisa halafu wanazunguka uwanja wa ndege wa Wilson hanga kwa hanga wakiambiwa rudi wiki ijayo. Sasa umeingia, umepewa ovaroli na mzee wa kumfuata nyuma. Mimi nataka kuongea juu ya ile siku simu inalia hanga na unasikia chopa imetua kwa shamba ya mtu huko Kajiado. Wageni wengi wanafikiri hiyo ni shughuli ya rubani peke yake. Zii, nusu ya hiyo safari ya kushuka ilifanywa na fundi, siku nyingi kabla.

Kwanza tofautisha maneno. Mtaani chopa ikigusa chini mahali hakuna uwanja wanasema imeanguka, na ukifungua simu utapata watu washazika abiria. Kitabu cha rubani kina lugha yake. Kuna tua papo hapo, yaani hata kama chini ni mahindi, shuka. Kuna tua haraka iwezekanavyo, mahali pa kwanza salama utakapoona. Halafu kuna tua panapofaa, hapo unaweza kusukuma pole pole hadi uwanja wenye fundi. Kila taa ya hatari imepewa mojawapo ya hizo, na usione uvivu kuzisoma ati kwa sababu wewe hurushi. Kapteni akikupigia akisema nimetua kwa sababu taa fulani imewaka, unafaa kujua hapo hapo alikuwa na dakika ngapi.

Sasa injini ikizima huko juu. Chopa bado inaruka, ni vile tu inaruka ikielekea chini. Rubani anashusha ile leva ya mkono wa kushoto, kolektivu, pembe ya mapanga, yale mabawa yanayozunguka juu, inapungua, na hewa inayotoka chini inaendelea kuyazungusha bila injini. Akikaribia ardhi anainua pua kupunguza mwendo, halafu anavuta kolektivu atumie ule mzunguko uliobaki kujiweka chini taratibu. Nafasi ni moja, hakuna kurudia. Wenye wanabisha kwamba hii kitu inawezekana wakumbuke Jean Boulet, Mfaransa, tarehe 21 Juni 1972 alipandisha helikopta aina ya Lama hadi mita 12,442, rekodi, injini ikazima huko kwa baridi, akashuka njia yote bila injini na akatembea akaenda zake.

Lakini angalia hiyo hesabu inategemea nini. Inategemea klachi ya njia moja, ile inayoachilia mapanga yaendelee kuzunguka injini ikisimama. Kwa R44, chopa ndogo ya Robinson, rubani akiwasha asubuhi anafunga throto, ile ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, na anaangalia sindano mbili za geji zikiachana, ya injini inashuka na ya mapanga inabaki nyuma. Zisipoachana hiyo ndege haiendi popote. Ukiwa umesimama pale nje na fire extinguisha yako usiangalie simu, angalia hizo sindano kupitia dirisha kama unaweza, utajifunza zaidi kuliko kwa darasa.

Halafu inategemea pembe ya mapanga, na hii ndo yetu kabisa. Zile fimbo zinazobadilisha pembe, pitchi linki, zikirekebishwa vibaya kidogo tu, ndege itaruka vizuri ikiwa na injini na hakuna mtu atajua. Shida itaonekana siku ya shida. Rubani atashusha kolektivu yote hadi chini na mzunguko hautafika mahali unatakiwa, kwa sababu pembe bado ni kubwa. R44 bila injini inataka mapanga yakae kati ya asilimia 90 na 108 kwa geji, na honi inaanza kulia yakishuka hadi 97. Ndo maana baada ya kugusa mapanga au hizo fimbo kuna majaribio ya kushuka bila nguvu ya injini, na namba ya kulinganisha inatoka kwa chati ya uzito, joto na urefu kutoka usawa wa bahari. Chati usiiruke! Wilson iko kama futi 5,500, na siku ya joto la nyuzi 25 ndege inahisi ni kama iko karibu futi 8,000. Hewa ikiwa nyepesi hivyo mapanga yanazunguka kasi zaidi kwa pembe ile ile, kwa hivyo namba ya mtu wa Mombasa ukiileta hapa umejidanganya.

Tukija kwa kutua kwingi kwenye utaona, si injini kuzima. Ni taa ya chipu. Ndani ya giaboksi kuna plagi yenye sumaku, chuma kikielea kwa oili kinanaswa pale, kinaunganisha waya, taa inawaka mbele ya rubani. Kazi ya kwanza unayopewa kama mgeni ni kufungua hiyo plagi, na karibu kila mgeni akishaitoa kitu cha kwanza anafanya ni kuipangusa kwa ovaroli. Basi ovaroli imekula ushahidi. Shika plagi ikiwa imeangalia juu, ipeleke kwa karatasi nyeupe, chukua lenzi. Ukiona unga laini wa kijivu unaopakaa kidole bila kukwaruza, hiyo mara nyingi ni giaboksi mpya ikizoea kazi. Ukiona kitu kinang'aa chenye kona, au kijiti chembamba kama sindano, au kigamba unachoweza kukishika kwa ukucha, nyamaza kwanza, usikitupe, kiweke kwa mfuko mdogo wa plastiki na uandike tarehe, saa za ndege na giaboksi gani, halafu mwite mzee. Kigamba kama hicho kinaweza kuwa kimetoka kwa beringi, na beringi ikianza kumenyeka hairudi nyuma.

Hata ukipata ni unga tu, kuna utaratibu. Kwa R44 kitabu kinasema safisha, rudisha, halafu ndege ielee chini chini angalau dakika 30, na taa ikiwaka tena giaboksi inatolewa kabla ya safari nyingine. Dakika 30 za kuelea ni mafuta na ni pesa, kwa hivyo utasikia mtu akisema ah, kumi zinatosha. Hazitoshi. Wewe ni mgeni huwezi kumpigia mkubwa kelele lakini unaweza kuuliza, mkubwa niandike dakika ngapi kwa teklogi, kile kitabu cha rekodi za ndege? Hilo swali ukiliuliza kwa heshima linafanya kazi ajabu.

Kisa ninachopenda kuwapa vijana ni cha Canada, tarehe 12 Machi 2009, Sikorsky S-92A ikipeleka wafanyikazi kwa mitambo ya mafuta baharini mashariki ya Newfoundland. Walikuwa 18 ndani, akapona mmoja. Giaboksi kubwa ilipoteza oili yote, rubani akageuza kurudi nchi kavu, na kama dakika 11 tu baada ya onyo la kwanza walikuwa kwa maji. Gia ya kuendesha rota ya mkia ilikuwa imekula meno. Oili ilitokea wapi? Kwa kikombe cha filta. Kinashikiliwa na stadi tatu, yaani vifimbo vyenye nyuzi vinavyofungwa nati, zilikuwa za titanium, na kila filta ikibadilishwa nati zinafunguliwa na kufungwa na nyuzi zinakwaruzana kidogo kidogo mpaka stadi zikachoka, mbili zikakatika. Ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imepoteza oili vile vile Australia mwaka 2008 na ikafaulu kutua, na mwezi wa Januari 2009 mtengenezaji alikuwa ametoa ilani kwamba hizo stadi zibadilishwe ziwe za chuma, ila alitoa muda mrefu wa kufanya hivyo. Sasa wewe fikiria, filta! Ile kazi anayopewa mgeni kwa sababu ati ni rahisi. Ukihisi nati inakaza vibaya, inasita, inakwaruza mkono, usiongeze nguvu. Simama, toa, angalia nyuzi, na useme.

Kuna na maji kwa mafuta, hii nitapita haraka kwa sababu mnafundishwa. Asubuhi toa sampuli kutoka chini ya tangi kabla mtu hajaitikisa ndege. Avgasi, petroli ya ndege, ile ya 100LL ni ya samawati, ukiona chupa haina rangi yoyote uliza maswali. Na madrumu ya porini usiyaamini hata kama mwenye drumu ni mjomba wako.

Presha sasa. Wakati wa kampeni, na 2027 si mbali, hizi chopa zitapanda na kushuka kwa viwanja vya shule mchana kutwa, vumbi inaingia injini, inakula kompresa na kingo za mbele za mapanga. Mheshimiwa ana mkutano saa saba na mwingine saa tisa, kapteni ametua Machakos kwa sababu ya taa, na bosi anauliza mbona mnachelewa, si mfute hiyo plagi tu. Hapo ndo utajua uko kampuni gani. Kwa maoni yangu rubani aliyetua kwa taa halafu ikapatikana ni unga tu anafaa kununuliwa chai, si kuchekwa hanga, maana ukimcheka leo kesho atasukuma hadi Wilson na taa ikiwaka.

Na ukitumwa huko shambani, mambo machache ambayo hayako kwa silabasi. Ukifika tafuta rubani kwanza, muulize alisikia nini na aliona nini kabla hajaanza kuwaambia watu wengine hadithi na hadithi ikaanza kunenepa. Hakikisha betri imezimwa. Watu watakuwa wamejaa, watoto wananing'inia kwa mkia, mtu anapiga picha akiwa ameegemea rota, kwa hivyo ongea na mzee wa kijiji kabla hujaongea na umati, yeye akisema rudini nyuma wanarudi, wewe wakikuona tu na ovaroli ndo wanasogea karibu. Kama kuna mtu ameumia au ndege imevunjika, mikono mfukoni, hiyo ni ya wachunguzi wa ajali za ndege na hakuna kusogeza hata kioo bila ruhusa yao. Kama ni taa tu na ndege ni nzima, piga picha ya kila kitu kabla ya kufungua kitu. Beba oringi mpya, zile pete za mpira za kuziba oili, waya ya kufungia, tochi mbili, lenzi, karatasi nyeupe, na oili ya aina sahihi, si ile inayofanana nayo. Hesabu spana ukitoa na uzihesabu ukirudisha, gizani nyasi zinameza spana na hutajua kama iko kwa nyasi au imebaki karibu na fimbo za kolektivu.

Sahihi ya kuirudisha angani ni ya mwenye leseni. Hata akikwambia weka yako halafu nitaweka yangu nikifika Nairobi, mwambie pole mkubwa, na umngoje. Mkingoja kuche na mtu abaki kulinda usiku, mpeni blanketi na chakula, na mama mwenye shamba alipwe mahindi yake kabla mapanga hayajaanza kuzunguka, kwa sababu upepo wa kupaa utamaliza yale yaliyobaki.