Ukitaka kuigiza Romeo na Juliet na wavulana peke yao

Kila msimu wa drama unapokaribia, walimu wa shule za bweni za wavulana huniuliza swali lile lile: tamthilia ya mapenzi mtaiigizaje bila msichana hata mmoja, na ukumbi usigeuke kuwa wa vicheko mwanzo mpaka mwisho? Nimekuwa mlezi wa chama cha maigizo katika shule ya wavulana kwa miaka mingi, na Romeo na Juliet, ile ya Shakespeare kuhusu vijana wawili wa koo hasimu wanaooana kwa siri, tumeirudia kuliko tamthilia nyingine yoyote. Ushauri wangu ni kwamba muichukue bila woga. Chini ya yale mapenzi yanayosifiwa kila mahali, tamthilia hii inazungumza na wavulana kuhusu wavulana.

Tazama pale Mercutio, rafiki wa Romeo, anapochomwa upanga na Tybalt. Romeo anabaki peke yake na uchungu wake, na lawama ya kwanza inamwangukia Juliet: uzuri wako, anasema, umenifanya kama mwanamke, umelainisha chuma cha ushujaa wangu. Muda mfupi baadaye amemuua Tybalt, binamu wa mke aliyemuoa siku ile ile, na amefukuzwa mjini Verona. Akikimbilia kwa Padri Laurence, aliyewafungisha ndoa, na kujitupa sakafuni akilia, padri naye anamuuliza kama yeye ni mwanamume, maana machozi yake ni ya kike. Hata ugomvi wa asubuhi unaofungua mchezo unaanzishwa na watumishi wawili wanaotambiana uanaume wao barabarani. Karibu kila upanga unaochomolewa humu, nyuma yake kuna kijana anayeogopa kuonekana laini. Maneno haya yakisemwa na wavulana mbele ya ukumbi wa wavulana wenzao, yanapiga penyewe. Nimewaona vijana wa kidato cha nne wakiacha kunong'onezana pale Romeo anaposema ule mstari wa chuma.

Kuhusu mila, usiombe radhi kwa mtu yeyote. Shakespeare aliandika tamthilia hii karibu na mwaka 1595, na wakati huo wanawake hawakuruhusiwa kupanda majukwaa ya umma ya London. Juliet, Yaya aliyemlea na mama yake, Bibi Capulet, waliandikwa wakijulikana kwamba wataigizwa na wavulana au wanaume, na vijana waliochukua nafasi hizo walikuwa wanagenzi waliofunzwa kazi na waigizaji wazoefu. Wanawake walianza kuonekana kwenye majukwaa hayo kuanzia mwaka 1660. Hapa kwetu Kenya, shule ya wavulana ya Alliance, pale Kikuyu, ilijulikana kwa kuigiza Shakespeare mwaka baada ya mwaka katika miaka ya 1950. Mkuu wa shule akisita, mpelekee historia hiyo.

Kazi kubwa ni kumpata Juliet. Walimu wengi humtafuta mvulana mwenye sura ya upole na sauti ambayo haijavunjika. Mimi huwa natafuta kijana anayejua kusikiliza, na mwenye heshima yake shuleni: kiranja, mchezaji wa timu, mtu ambaye wenzake hawamchezei ovyo. Juliet si mtu wa kuinamisha uso. Usiku ule wa dirishani, Romeo akiwa chini bustanini, ndiye anayesema kwamba kama nia ni njema na ni ndoa, basi nipelekewe habari kesho. Ndiye anayebaki peke yake chumbani na chupa ya dawa aliyopewa na Padri Laurence, ya kumlaza saa 42 kama maiti ili akwepe kuozwa mume mwingine, akijiuliza iwapo padri amemtilia sumu, na itakuwaje akizindukia kaburini kabla Romeo hajafika. Hotuba ile inataka pumzi na akili. Sauti nyembamba haitaibeba.

Kwa hiyo mwambie asiipandishe sauti yake. Azungumze kwa sauti aliyopewa na Mungu, ila aongeze kasi, kwa sababu Juliet ana haraka siku zote: anataka jua lizame, anataka Yaya arudi, anataka jibu sasa hivi. Samuel Pepys, Mwingereza aliyejulikana kwa shajara yake, alimwona Edward Kynaston, mmoja wa vijana wa mwisho kuigiza wanawake kule London, mnamo Agosti 1660, akaandika katika shajara yake kwamba hajapata kuona bibi mzuri kama yule, ila sauti tu haikuwa nzuri sana. Sauti haikumzuia Pepys kumwona yule bibi, wala haitaizuia hadhira yako.

Mavazi nayo yasikuumize kichwa. Hatutumii wigi, hatupaki rangi ya midomo, na baluni za kifuani ni marufuku kabisa. Wote huvaa shati na suruali nyeusi. Anayeigiza mwanamke hupewa leso moja, yaani kanga, basi. Bibi Capulet huitupia begani na kuinyoosha kila anapokasirika, Yaya huifunga kiunoni kama mtu aliye kazini tangu alfajiri, na Juliet huitanda mabegani akiwa na watu, akaiachia akiwa peke yake. Wape zile leso tangu wiki ya kwanza ya mazoezi, wajifunze kukaa nazo na kuzishika pindo bila kuzifikiria.

Sasa nije kwenye mapenzi yenyewe, maana hapo ndipo walimu wanapopata homa. Wanapokutana karamuni, maneno ya kwanza ya Romeo na Juliet ni soneti moja, yaani shairi la mistari 14, wanayogawana wawili. Romeo anajifanya hujaji, na Juliet anamjibu kwamba kiganja kwa kiganja ndilo busu la mahujaji. Jibu lako limo humo humo. Sisi hufanya hivi: Romeo anainua mkono wa kulia, Juliet anainua wake, viganja vinaelekeana na katikati inabaki nafasi ya kupitisha daftari. Soneti nzima inasemwa huku nafasi ile ikiwa wazi. Mwanzoni kila mmoja anautazama mkono wa mwenzake. Macho yanakutana soneti ikishafika nusu. Mstari wa mwisho ukiisha viganja vinagusana, na papo hapo Yaya anaita kwamba mama anamtaka Juliet. Mistari michache iliyo kati ya hapo na wito wa Yaya tunaikata. Hatuweki busu, na sababu yangu haihusu kamati ya wazazi. Juliet hajatimiza miaka 14, waigizaji wangu wenyewe ni watoto, na ule mkono unaongea vya kutosha.

Tukio la dirishani ni jepesi kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa mmoja yuko juu na mwingine chini, na hawana haja ya kugusana. Meza mbili za ukumbi wa maakuli zilizofungwa kwa kamba zinatosha. Anzeni mazoezi na tukio hili, mapema kabisa, kabla ya mapanga. Wavulana wakionja mapigano kwanza hutawarudisha.

Kuhusu kicheko: kitakuja, na ni vizuri kije mapema. Shakespeare mwenyewe amekusaidia. Mara ya kwanza Juliet kuonekana, yuko na mama yake na Yaya, na anasema maneno machache tu huku Yaya akisimulia kisa chake kirefu cha kumwachisha ziwa. Ukumbi unamchekea Yaya kwa haki yake, na wakati huo huo macho yanamzoea yule mvulana aliyesimama kimya na leso. Basi usimkate Yaya katika tukio hilo. Halafu mfundishe anayemwigiza asimfanye kichekesho kitupu. Mwanzoni mwa kisa kile anamtaja Susan, binti yake aliyekuwa rika moja na Juliet, ambaye sasa yuko kwa Mungu. Hapo asimame kidogo, ameze mate, ndipo aendelee. Ukumbi ukishajua kwamba Yaya amefiwa, utaelewa baadaye kwa nini inauma anapomshauri Juliet amsahau Romeo aolewe na Paris, mchumba aliyechaguliwa na wazazi wake.

Kicheko kikija mahali pasipostahili, waigizaji wasubiri wakiwa ndani ya uhusika, macho kwa mwenzao, kisha waendelee na mstari unaofuata. Wasirudie mstari, wala wasitabasamu kuomba msamaha.

Kuna jambo ambalo halionekani jukwaani nalo ni zito kuliko yote niliyosema. Huyo mvulana atarudi bwenini usiku. Kama kanuni haikuwekwa tangu siku ya kwanza, ataitwa Juliet kwenye foleni ya chai hadi amalize kidato cha nne, na wapo wanaolibeba jambo hilo vibaya. Kwetu jina la mhusika linaishia mlangoni pa ukumbi wa mazoezi, na anayelitoa nje anapoteza nafasi yake kwenye mchezo, hata akiwa Romeo. Zungumza na kijana faraghani kabla ya kutangaza nafasi, wapigie wazazi wake, na akisita mwachie aende bila maswali. Funza wavulana wawili nafasi hiyo sambamba. Kila mmoja atapata wa kusemezana naye. Picha za mazoezi zisisambazwe.

Maandishi kateni bila huruma. Utangulizi wenyewe unaahidi saa mbili, na ukiacha kila mstari utazipita. Wanamuziki wanaotaniana Juliet akidhaniwa amekufa waondoke, na ile hotuba ndefu ya padri mwishoni, anaporudia kisa tulichokwisha kukiona, ibaki mistari michache. Msiguse tukio la Bwana Capulet akimtishia binti yake kumtupa mitaani asipokubali kuolewa na Paris. Mvulana aliyewahi kumsikia baba akifoka nyumbani, na kwa mara ya kwanza akalazimika kusimama upande wa binti, hutoka kwenye mazoezi na maswali yake mwenyewe. Yape muda.

Onyesho la kwanza msiwafanyie wanafunzi. Waiteni wapishi, walinzi na matroni, siku ya kawaida baada ya chakula cha jioni. Ni watu wazima, wamependa na wamezika, na hawana haja ya kumcheka mtoto aliyejifunga leso. Mkimaliza waulizeni ni wapi waliacha kumwona Juliet wakaanza kumwona mwanafunzi. Watawatajia sehemu mbili tatu, na mazoezi ya kesho yake yaanzie hapo.