Risasi Hushuka Kiasi Gani Ikifika Mita 200?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki kihalali bunduki ya kuwindia ya kaliba .30-06 yenye darubini, na ninatumia risasi zenye kichwa cha uzito wa greni 180 (gramu 12 hivi). Niliirekebisha kwenye uwanja wa shabaha hapa Dar es Salaam kwa umbali wa mita 100 mpaka ikawa inapiga katikati kabisa. Msimu uliopita, nikiwa na leseni ya swala pala, nilimlenga dume penye moyo kwa umbali unaokaribia mita 200, risasi ikapita chini ya kifua. Mwenzangu anasema risasi hupanda inapotoka mtutuni, hivyo kwa umbali huo haiwezi kuwa imeshuka, na kosa ni la mkono wangu. Je, ni kweli? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu msomaji, mkono wako huenda hauna lawama yoyote. Risasi huanza kuvutwa chini na dunia mara tu inapoacha mdomo wa mtutu, sawasawa na jiwe lililoachiwa mkononi. Mwenzako anadhani hupanda kwa sababu mtutu wenyewe umeinuliwa kidogo ukilinganishwa na mstari wa jicho. Darubini hukaa juu ya mtutu kwa takriban sentimita 4, kwa hiyo ili risasi ifike pale jicho linapotazama, ni lazima mtutu uelekee juu kidogo. Risasi huukata mstari wa jicho karibu na mpigaji ikienda juu, kisha huukata tena mbele ikishuka.

Risasi yako hutoka kwa mwendo wa takriban mita 820 kwa sekunde. Hutumia kiasi cha sehemu ya nane ya sekunde kufika mita 100, na zaidi kidogo ya robo sekunde kufika mita 200. Muda ukiongezeka maradufu, kushuka huongezeka karibu mara nne: kutoka kwenye mwelekeo wa mtutu, risasi huwa imeshuka sentimita 8 hivi kwa mita 100, lakini sentimita 32 hivi kwa mita 200. Mwinuko wa mtutu hufidia sehemu tu ya kushuka huko, na ndiyo maana bunduki inayopiga katikati kwa mita 100 hupiga takriban sentimita 13 chini kwa mita 200, na kwa mnyama mwenye umbo la swala pala, aliyelengwa penye moyo, tofauti hiyo inatosha kumkosa au, jambo baya zaidi, kumvunja mguu akakimbia na jeraha.

Ninakushauri uirekebishe ipige katikati kwa mita 200. Darubini nyingi za kuwindia husogeza shabaha milimita 7 hivi kwa kila tiki moja (mlio mmoja mdogo) ya skrubu yake, kwa umbali wa mita 100. Kwa kuwa yako tayari inapiga katikati kwa umbali huo, zungusha skrubu ya juu tiki 8 kwa upande wa kupandisha. Matundu yatahamia karibu sentimita 6 juu ya alama, na kwa mita 200 risasi itarudi kwenye alama. Kisha nenda ukapige kweli kwa mita 200, kwa sababu hesabu ya karatasini haijui mtutu wako. Egemeza sehemu ya mbele ya kitako, wala si mtutu, juu ya mfuko wa mchanga. Piga risasi tatu taratibu, upime kwa rula kutoka katikati ya kundi la matundu, na usiguse skrubu kwa sababu ya tundu moja lililopotoka. Ukibadili uzito wa kichwa cha risasi au kiwanda chake, anza upya.

Kwa mita 300 bunduki hiyo hiyo itapiga robo mita chini, na upepo nao utakuwa na la kusema. Kwa maoni yangu, huo si umbali wa kumpigia swala, msogelee.

SWALI: Bunduki yangu ya kitako cha mbao ilipiga sawa Dar es Salaam, lakini nilipofika Tabora ikawa inapiga kushoto. Je, ni hewa ya nyanda za juu? – Msomaji, Tabata

JIBU: Hapana. Hewa nyepesi ya huko hubadili kidogo mno kwa mita 200, tena kwa juu na chini, si kwa pembeni. Shuku mbao kwanza. Unyevu wa pwani huivimbisha, ukavu wa bara huisinyaza, na ikiugusa mtutu upande mmoja huusukuma. Hakikisha chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, haina kitu, kisha pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao. Kikikwama, mpelekee fundi mwenye leseni. Kagua pia skrubu zinazoshika darubini, kwani mtikisiko wa barabara ya vumbi huzilegeza. Ukifika kwenye kitalu cha uwindaji, omba ruhusa ya mhifadhi anayekusimamia, upige risasi mbili au tatu kwenye ubao, ukiacha mtutu upoe kila mara, kwa sababu risasi utakayompiga mnyama itatoka kwenye mtutu wa baridi.