Kuchemsha hakuondoi floraidi

Dada wa Arumeru, umeuliza kama kuchemsha maji ya kisima kutamnusuru mwanao mdogo wa miaka miwili, maana meno ya mkubwa yameshakuwa ya kahawia. Pole, hapana. Moto unaua vijidudu, lakini floraidi, madini ya majini yanayotia meno madoa hayo yakizidi, haipai na mvuke: maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kukolea.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi chini ya Meru vinazidi hapo. Maji ya kunywa na kupikia tumia ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi sana Ngurdoto, hukohuko Arumeru. Mfupa uliochomwa una madini ya jamii ileile ya jino, kwa hiyo floraidi inanasa humo. Usijichomee mifupa mwenyewe uani, ukikosea, maji yananuka. Na mkaa huo huchoka, ubadilishe.

Halafu hayo magadi kwenye makande! Watafiti wameyakuta na floraidi nyingi. Acha tu, maharage loweka usiku.

Dawa ya meno usimnyime, kiasi cha punje ya mchele. Yule mkubwa mpeleke kwa daktari wa meno. Madoa yanaweza kufifishwa au kufunikwa.