Bill & Ted ya 1989 bado inachekesha?

Mkuu, umeuliza kama filamu ya Bill & Ted's Excellent Adventure bado inaangalika leo. Inaangalika, tena vizuri! Keanu Reeves (Ted) bado kijana mbichi, na Alex Winter (Bill) haachwi nyuma; wanarukaruka karne kwa karne ndani ya kibanda cha simu, wakizoa watu mashuhuri ili wasifeli somo la historia shuleni. Mimi hoi kwa Napoleon: anafakamia bakuli zima la aiskrimu, anavishwa beji, kisha anakutwa akiteleza kwenye maji na watoto.

Iliyochacha ni ile sehemu Bill na Ted wanakumbatiana, halafu papo hapo wanatupiana tusi la kudhihaki mashoga. Na wale mabinti wa kifalme wanaowapenda ni mapambo tu. Ile ya mwendelezo ya 2020 iache kwanza, anza na hii.